Kabla ya Kumlisha Nyoka: Maandalizi ya Kinywa Chake

Nyoka aliyemaliza kumeza panya hupiga miayo mikubwa, hupeleka taya la chini kushoto na kulia, na mara nyingine husugua shavu kwenye ukuta wa kizimba. Asiyemzoea hudhani ni ugonjwa. Kwa kawaida ni mifupa inayorudi mahali pake. Nusu mbili za taya la chini hazikuungana kidevuni kwa mfupa. Zimeshikwa na kano linalovutika, na hata mfupa unaolishikiza taya kwenye fuvu nao unacheza. Vyote vilitanuka kumpisha panya, sasa vinajipanga upya, kazi ya dakika chache tu. Mfugaji akiingiza mkono wakati huo anaweza kumjeruhi nyoka kinywani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ni ya kukuwezesha kukaa mbali bila wasiwasi, na sehemu ndogo ni ya siku utakayolazimika kumshika.

Maelezo haya yanahusu nyoka wasio na sumu: chatu, nyoka wa nyumba wa kahawia, boa wa mchangani na nyoka wala mayai. Swila, koboko au kifutu hafunguliwi kinywa nyumbani kwa sababu yoyote ile. Jingine la kumaliza mapema ni karatasi. Chatu ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Asiye na kibali huogopa kumpeleka nyoka kwa daktari, na jeraha ambalo lingetibika mapema huachwa hadi taya lioze.

Anza kwa kukijua kinywa kikiwa kizima. Nyoka akipiga miayo mbele yako, mpige picha kwa simu na uitunze. Nyama ya ndani huwa ya waridi iliyofifia, yenye unyevu mwepesi unaong'aa, bila nyuzi za mate. Wengine wana madoa meusi ya kuzaliwa, na bila picha ya zamani utayadhania kidonda. Angalia sakafu ya kinywa, nyuma kidogo ya ala ya ulimi: pana kitundu kinachofunguka na kujifunga. Hilo ndilo tundu la hewa. Nyoka anapomeza hulisogeza mbele, hata likachungulia pembeni mwa mdomo, ili aendelee kupumua mlo ukiwa umejaa kinywani. Tundu hilo likichungulia wakati wa kumeza, liache. Kwa mla mayai kuna la ziada: meno yake ni machache na madogo mno, yai hupasuliwa na vijimfupa vya uti wa mgongo vinavyotokeza kooni, kisha ganda lililopondeka hutemwa. Hajaugua, amemaliza kula.

Matandiko ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi, na hapa Tanga lazima tuseme wazi kuhusu mkonge. Mabaki ya nyuzi hupatikana kwa urahisi, ni mepesi, ni makavu, na watu huyatandika. Tafadhali usiyatumie. Uzi wa mkonge ni mrefu na mkakamavu. Hunasa kwenye meno yaliyopinda kuelekea kooni, na kila nyoka anavyomeza ndivyo unavyozidi kuvutwa ndani na kukata ufizi. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yana nafuu, lakini vumbi lake hushika mate, na wakati wa masika huota ukungu upesi. Maranda nayo huchoma. Lolote utakalochagua kwa siku za kawaida, siku ya kulisha tandika gazeti, au weka kigae kipana cha sakafu na umpe mlo juu yake. Panya wa kugandishwa aliyeyeyushwa kwenye maji apanguswe hadi manyoya yakauke, maana manyoya mabichi huokota kila kitu njiani.

Panya mwenyewe awe amekufa. Panya hai huuma, na anaweza kumjeruhi nyoka anayemkaba, hata mdomoni. Unene wake usizidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Kwa nyoka mchanga, uzito wa mlo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na kwa mkubwa upungue. Aliyegandishwa alazwe kwenye friji usiku kucha, kisha atiwe ndani ya mfuko na kuzamishwa kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40 mpaka katikati ya tumbo pawe vuguvugu. Ukimbonyeza tumboni ukahisi ugumu, bado. Mpe kwa koleo ndefu ya sentimita 30 au zaidi, kichwa kikitangulia, ili miguu na manyoya vilale anavyoingia. Anayemezwa kinyume hukunjua miguu kinywani. Mtoe kwenye koleo mara tu nyoka anapomdaka, maana nyoka akiuma chuma meno huvunjika. Panya wa mtaani usiwaguse kabisa: huenda wamekula sumu, hubeba vimelea, na mkoa huu unakumbuka tauni ya Lushoto ya miaka ya 1980 na 1990.

Kisha joto. Nyoka hana moto wake wa ndani; bila joto chakula huoza tumboni badala ya kusagika, naye hukitapika kikiwa na asidi inayounguza koo na kinywa. Mchana wa Tanga humtosha, lakini usiku wa Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, chumba hupoa kuliko unavyodhani, na chumba cha kiyoyozi hupoa mwaka mzima. Kwa chatu upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33, wa baridi 25 hadi 27, ukipimwa kwa vipimajoto viwili vilivyowekwa chini anapolala. Mkeka wa joto bila themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, huunguza ngozi. Umeme ukikatika usiku wa kulisha, chupa mbili za maji moto zilizoviringishwa taulo, zikiwekwa nje ya boksi lake na kugusana nalo, zitasaidia kwa muda, zibadilishe zinapopoa. Ukiwa na taarifa kwamba umeme utakatwa kwa siku nzima, ahirisha kulisha. Nyoka mwenye afya haumii kwa kungoja wiki.

Sasa sanduku la vifaa, ambalo likusanywe leo, siyo siku ya tatizo. Maduka ya dawa ya kawaida yana karibu vyote. Nunua maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale yanayotundikwa kama dripu, chupa ndogo, mabomba ya sindano ya mililita 5 na 10, sindano zikitupwa, glavu, gozi safi, siyo pamba, kwa kuwa pamba huacha nyuzi kwenye meno. Ongeza povidoni iodini ya asilimia 10. Soma lebo kwa makini: ile ya kunawia mikono ina sabuni na haifai kinywani. Haitumiwi kali ilivyo. Mililita 1 ndani ya mililita 19 za maji safi hutoa nguvu ya asilimia 0.5, rangi ya chai nyepesi. Weka pia kibano chenye ncha butu, tochi ya kichwani, mizani ya jikoni, na kadi laini ya plastiki iliyolainishwa kingo kwa msasa, ya kufungulia mdomo. Kijiko, kijiti na bisibisi huvunja meno na kuchuna ufizi. Dettol, spiriti na maji ya betri ya kienyeji yanayosifiwa kwa vidonda visikaribie mnyama huyu.

Akishameza, funga kizimba na umwache saa 48, au 72 kwa mlo mkubwa. Uzi mmoja wa manyoya unaoning'inia mdomoni hauhalalishi kumshika. Maji safi ya kunywa na miayo yake mwenyewe vitauondoa mara nyingi. Jino likidondoka usihangaike, kwani huota jingine maisha yake yote. Sababu za kuvunja subira ni tatu: anahema kwa shida huku kinywa kikiwa wazi na kichwa kimeinuliwa, damu inaendelea kutoka, au mlo umekwama nusu njia na hausogei. Hata hapo, mlo uliokwama usiuvute kamwe. Meno yamepinda kuelekea ndani, na kila unavyovuta ndivyo yanavyozama. Zima taa, ondoa watu, mpe nafasi aumeze au autoe mwenyewe, huku ukimpigia daktari. Akitapika, ondoa uchafu wote, mwekee maji, na usimlishe kwa siku 10 hadi 14. Mlo unaofuata uwe nusu ya ule wa kwanza.

Saa hizo 48 au 72 zikipita na bado kuna kitu kimenasa, ndipo sanduku hufunguliwa. Chatu wa zaidi ya mita 2 asishikwe na mtu mmoja. Msaidizi abebe mwili wote; wewe shika kichwa nyuma ya taya kwa kidole gumba na cha shahada, bila kubana shingo. Vuta taratibu ngozi ya chini ya kidevu. Mdomo ukiachana kidogo, ingiza ukingo wa kadi kwa mbele. Upana wa kidole kidogo unatosha kwa chatu, na kwa nyoka wa nyumba ni pungufu sana ya hapo. Kichwa kielekee chini kuliko mwili. Hii ndiyo hatua inayookoa maisha, kwa sababu maji yakiingia tundu la hewa huleta homa ya mapafu. Pitisha maji ya chumvi yenye uvuguvugu ndani ya shavu, mililita 2 au 3 polepole, nusu mililita kwa nyoka mdogo, yatoke kwa mbele. Kilichonasa kwenye jino kisukume kidogo kuelekea kooni ndipo ukiinue. Ukikivuta mbele moja kwa moja unakichomeka zaidi. Dakika moja, kisha mrudishe apumzike. Kama hakijatoka kwa majaribio mawili, hiyo ni kazi ya daktari.

Kuna dalili zisizohusiana na mlo hata zikionekana baada yake: vidoti vyekundu kwenye ufizi, midomo iliyovimba isiyofunga sawasawa, mate yanayovutika au povu, harufu mbaya, na vipande vyeupe au vya njano vizito kama jibini. Usaha wa nyoka hauyeyuki kuwa maji kama wetu, hivyo hautoki kwa kukamua. Huo ni uozo wa kinywa, na ukiachwa huingia kwenye mfupa wa taya. Mara nyingi chanzo ni baridi, uchafu au jeraha lililoingiwa na bakteria kama Pseudomonas na Aeromonas. Amoksilini ya binadamu iliyobaki kabatini haiwawezi, na dawa ya jentamaisini kwa nyoka aliyekaukiwa maji huharibu figo. Mpandishe joto hadi kiwango cha juu cha kawaida yake, kwa maana kinga yake hufanya kazi kwa joto, na usimpake iodini kabla daktari hajachukua sampuli. Itaua vijidudu ambavyo maabara ingevitambua.

Tafuta daktari huyo kabla hujamhitaji. Madaktari wengi wa mifugo mkoani wamezoea ng'ombe na kuku, kwa hiyo uliza waziwazi kama anashika nyoka. Jijini Tanga kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Ulizia mapema kama watapokea sampuli yako na ihifadhiweje. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina ndaki ya tiba ya wanyama, safari ya kupitia Segera na Chalinze. Piga simu kwanza. Msafirishe ndani ya foronya iliyofungwa, foronya ndani ya ndoo yenye matundu, asubuhi kabla jua halijawaka, ndani ya gari mlimo na watu, kamwe siyo kwenye buti. Beba picha za kinywa kizima, kibali, na daftari lenye uzito wake, tarehe za milo na vipimo vya joto. Nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo, kwa kuwa nyoka hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima, na vifaa vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.