Kutunza Bunduki ya .22 ya Boliti katika Hewa ya Chumvi ya Tanga: Hatua kwa Hatua

Bunduki ya .22 inayokaa Tanga huharibiwa na hewa zaidi ya inavyoharibiwa na risasi. Ninamiliki moja ya boliti, yaani yenye komeo la chuma linalovutwa nyuma na mbele kwa mkono, kwa leseni, na nimewasaidia wenzangu wenye mashamba upande wa Muheza na Pangani kutunza zao. Karibu kila kutu niliyoikuta ilianzia kwenye ngozi ya nje ya mtutu, au pale chuma kinapolaliana na mbao, na mara chache sana ndani kwenye mifuo, ile michirizi inayozunguka ndani ya mtutu. Hata hivyo wengi wetu hutumia saa nzima kusugua ndani, kisha nje tukapapasa kwa kitambaa chenye mafuta na kuirudisha kabatini.

Kupapasa huko ndiko kulikonigharimu. Mwaka wangu wa kwanza niliipaka bunduki mafuta kila jioni, na bado vidoa vyekundu vikachomoza pale mkono wa kushoto unaposhika. Aliyenifumbua macho hakuwa fundi wa silaha, bali mzee jirani yangu, mvuvi wa pale Deep Sea, mwalo wa wavuvi hapa Tanga, ambaye kila arudipo kutoka baharini huiosha mashine ya boti kabla ya kugusa kopo la mafuta. "Mafuta hayawekwi juu ya chumvi, mwanangu," aliniambia. "Kwanza uipe maji baridi," yaani yasiyo na chumvi. Chumvi haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo ukipaka mafuta juu ya jasho au vumbi la bahari, unaifungia chumvi chini yake iendelee kula chuma. Nayo chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani hadi ikayeyuka yenyewe pindi unyevu unapofikia takriban asilimia 75, kiwango ambacho alfajiri nyingi za hapa kwetu hukipita bila shida. Ndiyo maana chuma ulichokiacha kikavu usiku unaweza kukikuta na umande asubuhi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi. Elekeza mdomo wa mtutu upande usio na mtu, chomoa magazini, vuta boliti nyuma, tazama ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kisha gusa mdomo wake kwa ncha ya kidole kidogo uhisi kwamba ni tupu, kwa sababu jicho hudanganywa na mwanga hafifu. Risasi zote zipelekwe chumba kingine kabla ya kufungua kopo lolote. Baada ya hapo toa boliti: katika bunduki nyingi za aina hii unaivuta nyuma huku umebonyeza triga, na katika nyingine kuna kitufe au kijiti cha pembeni, kama kijitabu chake kinavyoonyesha.

Hatua ya pili ni kuandaa uzi wa kuvutia kitambaa, na hapa sharti nieleze kosa langu. Nilianza kwa ufito wa chuma wa vipande vya kuunganisha, nikiuingiza kutokea mdomoni kwa kuwa ndiyo njia rahisi. Viungo vya ufito vilisugua ukingo wa mdomo wa mtutu, mahali pa mwisho ambapo risasi hugusa chuma kabla ya kuwa huru. Ukingo ukiliwa upande mmoja, gesi hutoka upande huo mapema na kuisukuma risasi kando. Matundu ambayo kwa mita 50 yalikuwa yakifunikwa na sarafu yakatawanyika kwa upana wa kisosi, nami nikawa nalaumu darubini. Siku hizi natumia mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, wa unene wa milimita 2 hivi na urefu wa mita moja na robo. Ncha moja naichonga iwe kali. Ncha ya pili naipasha kwa kiberiti cha gesi hadi iyeyuke, kisha naibonyeza juu ya kigae ili ifanye kichwa bapa kama cha msumari. Ukipoa, unatoboa katikati ya kipande cha fulana kuukuu ya pamba chenye upana wa sentimita 2, unakipitisha kwenye mshipi hadi kikae juu ya kichwa, na kazi imekwisha. Anza na kitambaa kidogo, kwani njia ya mtutu ina milimita 5.6 tu, na kitambaa kikubwa kitakwama katikati.

Hatua ya tatu ni chemba, na ndiyo ninayoomba usiifanye kwa haraka. Risasi ya .22 hubeba kemikali ya kuwashia baruti ndani ya ukingo wa kitako cha ganda lake, na kila inapofyatuliwa huacha masizi mbele kidogo ya mahali mdomo wa ganda unapoishia. Baada ya raundi mia kadhaa masizi hayo huwa pete ngumu kama ukoko wa chungu. Dalili zake ni boliti kuwa nzito wakati wa kufunga, na risasi moja moja kutoroka kundi bila sababu. Lowesha brashi ya shaba nyeusi ya kipimo cha .22 kwa dawa ya kusafishia bunduki, au kwa mafuta ya taa ikiwa dawa haipatikani, iingize kutokea nyuma hadi mwanzo wa mifuo tu, uiache dakika 10, kisha uizungushe polepole mara kumi au kumi na mbili. Usiisukume mbele zaidi.

Hatua ya nne ni njia ya mtutu yenyewe, nayo ni fupi. Pitisha ncha kali ya mshipi kutokea chemba hadi itokeze mdomoni, kisha vuta kwa mstari ulionyooka pasipo kuulaza kwenye ukingo. Kitambaa cha kwanza kiwe na dawa kidogo, viwili au vitatu vinavyofuata viwe vikavu, na ukiona cha mwisho kina rangi ya kijivu hafifu, acha. Risasi hizi za madini ya risasi tupu hupakwa nta au grisi kiwandani, na utando mwembamba unaobaki ndani ya mtutu huisaidia shabaha. Ukiung'oa wote, raundi kumi za mwanzo au zaidi zitatangatanga mpaka utando urudi.

Boliti haihitaji maneno mengi. Isugue uso wake na kucha ya kutolea ganda kwa mswaki wa zamani, uikaushe, uipake tone moja la mafuta nyuma ya vishikizo vyake. Mafuta mengi yakiingia kwenye pini ya kupigia huganda na kulegeza pigo, na risasi huanza kugoma. Usiikoki na kuifyatua tupu ili kuijaribu, maana katika bunduki nyingi za aina hii pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza.

Hatua ya tano ni ya nje. Chovya kitambaa safi katika maji baridi, ukikamue hadi kibaki na unyevu tu, kisha ufute mtutu wote, triga na skrubu zote zinazoonekana. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Maji ya visima vingine vya karibu na pwani yana chumvi, na hayo yatakurudisha ulikotoka. Kausha papo hapo kwa kitambaa kingine, uiache nusu saa mahali penye upepo usiotoka baharini, ndipo upake mafuta mepesi. Ya bunduki ndiyo bora, ya cherehani yanafaa. Mafuta ya nazi, ambayo nimeyakuta kwenye bunduki tatu sasa, huchacha.

Mara moja kwa mwaka, mimi hufanya hivyo mwezi wa Februari kabla ya masika, legeza skrubu za kitako na utoe mtutu kwenye mbao. Kwanza weka alama ya chaki inayovuka kichwa cha kila skrubu na chuma kinachokizunguka, ili ukizirudisha zikaze kama zilivyokuwa, kwa sababu mkazo ukibadilika shabaha nayo huhama. Sehemu ya chini ya mtutu, isiyoonekana, ipake nta ngumu ya kung'arishia magari badala ya mafuta, kwa kuwa mbao hunywa mafuta na kulainika. Ukikuta kutu changa, isugue na mafuta kwa sufi laini kabisa ya chuma, pasipo kukandamiza, maana rangi ile ya buluu iliyopo juu ya chuma cha bunduki ni utando mwembamba na ikitoka hairudi kwa kusugua. Ukikuta mashimo, au ukitamani kugusa chochote ndani ya mfumo wa triga, peleka kwa fundi mwenye leseni.

Kuhifadhi nako kuna lake. Mfuko wenye sponji ni wa kusafiria tu, kwani hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma. Mfuko wa ngozi ni vivyo hivyo. Ndani ya kabati la kufuli nasimamisha bunduki mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa, ili mafuta yasishuke kwenye mbao za kitako, na pembeni naweka vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, ambavyo navikausha kila mwezi. Aliyekosa vifuko anaweza kuweka mkebe wa mchele uliokaangwa mkavu, kama tunavyoweka mchele kwenye kidau cha chumvi mezani, ila atalazimika kuubadilisha kila wiki.

Kabla ya kufyatua tena, vuta kitambaa kimoja kikavu kupitia mtutu ili kuondoa mafuta. Na ukimaliza kazi yote hii, vitambaa vichafu vitupwe mbali na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula, kwani weusi ule wa vidoleni una madini ya risasi.