Kupatana Bei ya Gari Lenye Mikwaruzo Nairobi

Wengi wanaoniita niwasindikize kununua gari huwa wameshauliza kwa simu, "bei ya mwisho ngapi?" Hapo umejifunga mwenyewe. Muuzaji atakutajia mwisho wa uongo, na ukifika kwake ndio utakuwa mwanzo. Kwa simu uliza tu gari liko wapi, logbuku (hati ya umiliki wa gari) ina jina la nani, na liligongwa upande gani.

Hatua ya 1: Nenda mchana, gari likiwa kavu. Likiwa limetoka kuoshwa, subiri likauke, maji huficha mengi. Chuchumaa kwenye kona ya nyuma uutazame ubavu wote hadi taa ya mbele. Bati lililonyooshwa litakuonyesha mawimbi.

Hatua ya 2: Tofautisha ngozi na mfupa. Bampa, taa, kioo cha pembeni na mikwaruzo ni ngozi. Chesisi, fremu inayobeba gari, ni mfupa. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti za fenda: rangi ikiwa imebanduka, spana imepita hapo. Linganisha mwanya kati ya boneti na fenda, kushoto na kulia. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa, ipitishe kwenye bati. Isiposhika, chini kuna puti, ile lipu ya kuzibia mibonyeo. Kisha fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa) inapaswa kuwaka halafu izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichokora. Mfupa ukiwa umeguswa, aga uende zako, hata ukipunguziwa laki.

Hatua ya 3: Jua gharama kabla ya kutaja bei. Hapa ndipo pesa ilipo. Piga picha, mtumie fundi wako wa bodi ungali pale pale yadini. Majuzi nilikuwa na mteja kando ya Ngong Road, gari aina ya Mazda Demio, nyeupe ya lulu, bampa imepasuka kona na fenda imebonyea. Bampa ya mtumba Kirinyaga Road, 14,000. Kunyoosha na rangi, 19,000. Kwa nini rangi iwe ghali hivyo? Rangi ya lulu haiishii kwenye fenda, lazima ivutwe hadi mlangoni ili isionekane kiraka. Hilo wanunuzi wengi hawalihesabu. Nikaandika kwenye karatasi: 33,000, na siku tatu za gereji.

Hatua ya 4: Sasa zungumza. Usilitukane gari la mtu. Atakwambia bei imeshapunguzwa kwa sababu ya hiyo bampa, na pengine ni kweli. Kwa hiyo usikate kutoka kwa bei yake. Anza na bei ya gari kama hilo lisilo na kasoro, la mwaka ule ule, kisha utoe gharama yako. Yule muuzaji wa Demio alisema:

"Bosi, hii ni kitu kidogo, fundi wa mtaani atakumalizia na elfu tano."

Nikamjibu: "Basi mpe wewe hiyo elfu tano. Jumamosi nakuja kulipa bei yako yote."

Akacheka. Mimi nikanyamaza, mteja wangu naye nikamkanyaga mguu anyamaze. Tulitoka na punguzo la 40,000.

Ukiona anayezungumza anapiga simu kila ukitaja bei, huyo ni dalali. Omba kuongea na mwenye gari.

Hatua ya 5: Karatasi. Kabla ya kutoa hata deposti, tafuta rekodi ya gari NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone kama mwenye gari ndiye huyo na kama benki haijalishikilia kwa mkopo. Kasoro zote ziandikwe kwenye mkataba. Lipa kwa akaunti ya benki ya mwenye logbuku; M-Pesa yenyewe haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Akikuambia ataanzisha kesho, keti, agiza chai, ungoje ujumbe uingie kwenye simu yako.