Waya za mlingoti wa boti ya zamani: pima kabla hujaagiza

Wenye boti ndogo ya tanga ya zamani, usiagize spea za mlingoti kwa jina la boti tu, kampuni nyingi zilishafungwa na fundi aliyepita huenda alibadilisha vitu. Pima pini (zile zinazoshikilia ncha za waya) na unene wa waya kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, tepu haitoshi kabisa, maana boti nyingi za zamani ni za inchi, na pini ya inchi 3/16 ni kama milimita 4.76 hivi, ukileta ya milimita 5 haiingii, na please usitoboe tundu likue! Waya wa zamani usiutupe, mpelekee fundi ukiwa mzima na ncha zake apime kutoka tundu la pini hadi tundu la pini. Pulizi (kapi za kupitishia kamba) na kamba hazisumbui, za boti yoyote zinaingia mradi saizi ifanane.