Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kufunga mtandao wa tawi

Kama makao makuu yenu yapo Mbeya mjini na mnafungua tawi Tukuyu au Makambako, kazi ya mtandao ianzie hapohapo mjini, kabla hujapanda gari, maana ukifika kule ndo unakumbuka paswedi ya rauta ipo kwenye simu ya mtu aliyeko likizo, siku imeisha na wateja wamesimama dirishani.

Anza na anwani za ndani, yaani namba za IP ambazo vifaa vya ofisi vinatambuana nazo. Rauta nyingi zinatoka dukani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, sasa kama Mbeya mnatumia hizohizo na tawi nalo ukaliacha hivohivo, siku mnaunganisha VPN (njia ya faragha inayounganisha ofisi mbili kupitia intaneti) hawataonana, kompyuta ya Tukuyu itakua inaitafuta seva (kompyuta kuu) ya Mbeya humohumo chumbani. Lipe tawi namba zake peke yake, mfano 10.20.5.0, uandike kwenye karatasi ubandike ndani ya kabati la rauta.

Halafu DNS, na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu ndo panatesa watu. DNS inageuza jina kuwa namba, basi. Kompyuta za tawi zinaambiwa na DHCP (huduma ya rauta inayogawa anwani) zikaulize wapi, na rauta ikiachwa ilivyo inazipeleka kwenye DNS ya kampuni ya laini, ambayo mambo ya nje inayajua ila seva yenu ya ndani haijui kabisa. Kwahiyo kama mna domeni ya Windows (seva moja inayosimamia kompyuta na paswedi za ofisi nzima), DNS iwe ya seva yenu, na tafadhali ya pili usiweke 8.8.8.8 (DNS ya Google) ukadhani umejikinga. Wengi wanaamini ya pili inaulizwa pale ya kwanza inaposema jina silijui, sio kweli, inaulizwa ya kwanza ikikaa kimya. VPN ikikatika sekunde chache tu kompyuta inahamia 8.8.8.8, kule inaambiwa jina hilo halipo, na hilo nalo ni jibu kamili, inalishika. Ndo unapigiwa simu kwamba faili za mahesabu hazifunguki wakati Google inafunguka vizuri. Ya pili iwe seva nyingine ya ndani, au weka tawini kifaa kinachopeleka majina ya ofisi Mbeya na mengine yote nje, hivyo hata VPN ikifa intaneti inabaki.

Kama siku hiyo pia mnahamisha seva, TTL (muda, kwa sekunde, ambao jibu la DNS linahifadhiwa) ishushwe mapema. Ikiwa 86400 maana yake majibu ya zamani yanaweza kukaa siku nzima, ishushe iwe 300 siku moja kabla au zaidi, ukiishusha asubuhi ya kazi haikusaidii kitu. Na kwenye faiwoli (kinga ya mtandao) fungua poti 53, mlango wa DNS, ya UDP na ya TCP, njia mbili za kusafirisha data, zote mbili, maana majibu marefu yanapita TCP.

Tukuyu mvua na radi sio za kubahatisha, kwahiyo weka UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), ethi ya uhakika (waya wa kupeleka umeme ardhini), na laini ya akiba ya kampuni tofauti. Angalia na saa za kompyuta, zikipishana na seva zaidi ya dakika 5 kuingia kwenye domeni kunagoma na utalaumu DNS bure.

Mwisho tafuta mtu mmoja wa tawini, hata kama ni dada wa mapokezi, mfundishe kabla hujaondoka: aangalie taa za swichi, afungue ipconfig (amri inayoonesha anwani ya kompyuta), akiona 169.254 ajue DHCP haijampa anwani, aping rauta (aone kama inajibu), aping 8.8.8.8, halafu nslookup jina la seva (kuuliza DNS namba yake). Namba ikipita na jina likakataa, hapo ni DNS, ajaribu ipconfig /flushdns (inafuta majibu ya DNS yaliyohifadhiwa) kisha akupigie. Mwandikie hizo hatua kwa mkono, afanye zote mbele yako mara mbili, ya pili ukiwa umechomoa waya bila kumwambia.