Kabla Hujaifungua Pikipiki Nyumbani

Kazi ya Jumapili ya kubadilisha oili na kurekebisha cheni mwenyewe huanza Jumamosi, kwa sababu maduka mengi ya spea Kirinyaga Road, Nairobi, hayafunguliwi Jumapili, na ukigundua saa nne asubuhi kwamba washa (ile pete) ya nati ya kumwagia oili imekwisha, pikipiki haitaondoka hapo. Nunua oili mapema, na usichukue ya gari kwa kuwa ni bei nafuu. Kwenye pikipiki nyingi klachi inaoga ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Tafuta kwenye mkebe maandishi ya JASO MA au MA2, alama za oili inayofaa klachi ya aina hiyo, kisha ulinganishe unene na kitabu cha pikipiki yako. Injini nyingi za sisi (cc) 100 hadi 150 huchukua karibu lita moja.

Ongea na keteka (msimamizi) wa ploti kabla hujatandaza kartoni kwenye parkingi. Oili chafu iingie kwenye mtungi wenye kifuniko, upeleke gereji. Mtaro wa ploti si mahali pake, hasa msimu wa mvua ambapo maji yote yanarudi mlangoni kwa jirani.

Cheni ndiyo inayohitaji mtu wa pili, kwa hiyo mpigie rafiki wa steji, pale mnapongojea abiria, usiku uliotangulia. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na injini imezimwa, mmoja anazungusha gurudumu kwa mkono, mwingine anatafuta pale cheni inapokaza zaidi, kisha anapima ulegevu katikati ya sproketi mbili (magurudumu ya meno), upande wa chini. Pikipiki nyingi ndogo hutaka milimita 20 hadi 30. Usikubali injini iwashwe ili gurudumu lizunguke lenyewe. Vidole vimekatika hivyo. Legeza nati ya ekseli, rekebisha skrubu za pande zote mbili zifike alama sawa, kaza tena. Hapo wengi husahau kitu: gurudumu likirudi nyuma, breki ya nyuma ya dramu hubana, kwa hiyo nayo irekebishwe. Na kama umefungua kiungo cha cheni, klipu yake irudi upande uliozibika ukitazama cheni inakoelekea, la sivyo inaweza kuchomoka ukiwa Thika Road.

Spana za kuazima zihesabiwe mbele ya mwenyewe na zirudishwe jioni hiyohiyo zikiwa zimefutwa. Naona urafiki mwingi wa steji umevunjika kwa spana ya namba 17 kuliko kwa abiria aliyeibwa.

Jiandae pia kwa ushauri. Marafiki wakishafika watatu na chai imetoka, mmoja atasema upake cheni oili uliyomwaga sasa hivi. Mshukuru, usifanye: ina vumbi la chuma kutoka ndani ya injini. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, ndipo ipakwe oili safi. Breki za mbele za diski, kama hakuna kati yenu aliyewahi kuzifungua, ziachieni fundi siku ya Jumatatu.

Kabla ya kubeba mtu, zunguka esteti mara mbili ukiwa peke yako, polepole, ukijaribu breki zote, rafiki akifuata nyuma kutazama kama gurudumu linayumba.