Jinsi ya kupima kama kiuatilifu kinaharibu uzazi wa viroboto maji: jaribio la siku 21

Kiroboto maji, Daphnia magna, ni jamaa wa kamba na kaa, mwenye urefu wa milimita chache tu. Jike huzaa bila dume, na watoto wake ni nakala zake, hivyo tofauti utakayoiona kati ya chombo na chombo haitokani na ukoo. Jaribio la vifo la saa 48 hueleza dozi inayoua, basi. Lakini kuna viuatilifu vinavyomwacha mama akiogelea vizuri huku mayai yakiharibika kifukoni mwake, na hayo huyaoni mpaka umfuatilie kwa siku 21. Utaratibu ufuatao unafuata mwongozo namba 211 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo.

Hatua ya 1: Chagua mama wa kuanzia

Anza na vichanga wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa; hao ndio watakaokuwa mama wa jaribio. Jioni ya kuamkia jaribio, watenge mama wenye mayai. Asubuhi chukua walichozaa usiku huo. Uzao wa kwanza wa mama usiuguse, kwani hutofautiana mno na zinazofuata. Ukiona madume kwenye tangi la kufugia, au majike yamebeba kifuko cheusi chenye mayai magumu mgongoni, ahirisha. Hizo ni dalili za msongamano, njaa au baridi, na wanyama waliokwisha kusumbuka hawafai kupimiwa sumu.

Hatua ya 2: Maji, mwanga na joto

Tumia maji yenye ugumu zaidi ya miligramu 140 za kalisi kaboneti kwa lita, na pH kati ya 6 na 9. Maji ya bomba yana klorini, na yakipita kwenye mabomba ya shaba huchukua chembe za shaba; kiroboto maji hastahimili chochote kati ya hivyo. Joto liwe nyuzi 18 hadi 22, lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 2. Taa iwake saa 16, izimwe saa 8.

Hatua ya 3: Ukolezi (kiasi kwa lita) wa kiuatilifu

Unahitaji angalau viwango vitano, kila kimoja kisizidi mara 3.2 ya kilicho chini yake. Tuseme unataka mikrogramu 1, 2, 4, 8 na 16 kwa lita, na kiuatilifu hakiyeyuki vizuri majini. Tengeneza myeyusho mama (mkali, wa kuzimuliwa baadaye) tano ndani ya asetoni: miligramu 10, 20, 40, 80 na 160 kwa lita. Kutoka kila mmoja, mililita 0.1 ndani ya lita moja ya maji inakupa kiwango unachotaka. Kwa nini tano, usizimue mmoja tu? Kwa sababu asetoni lazima iwe sawa kila mahali, na kikomo chake ni hiyo mililita 0.1 kwa lita. Ukiongeza na kupunguza asetoni pamoja na sumu, hutajua ipi imefanya kazi. Weka makundi mawili ya ulinganisho: maji matupu, na maji yenye asetoni pekee.

Tumia bika za kioo. Viuadudu vya jamii ya pairethroidi hunata sana kwenye plastiki, na hata kwenye kioo hunata kiasi. Ulichoandika kwenye lebo kinaweza kuwa mbali na kilichomo majini. Pima ukolezi halisi kwenye maji mapya na kwenye maji unayoyamwaga. Ukitofautiana na uliokusudia kwa zaidi ya asilimia 20, hesabu zako zijengwe juu ya ule uliopimwa.

Hatua ya 4: Kuweka wanyama

Bika 10 kwa kila kiwango na kwa kila kundi la ulinganisho, mililita 50 hadi 100 kila moja, mnyama mmoja mmoja. Mhamishe kwa pipeti ya mdomo mpana na umwachie chini ya uso wa maji. Ukimdondosha kutoka juu, hewa hunasa ndani ya gamba lake, anabaki akielea ubavu na hatimaye anakufa. Akielea, mdondoshee maji juu yake mpaka azame.

Hatua ya 5: Chakula

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Mpe mwani wa kijani, kama Chlorella, wenye miligramu 0.1 ya kaboni kwa siku akiwa mdogo, upande hadi 0.2 anapokua. Zungusha mwani kwenye sentrifuji na umwage maji yake ya kuoteshea kabla ya kulisha. Chakula kikipungua, watoto hupungua hata pasipo sumu. Kikizidi, kiuatilifu hujishikiza kwenye mwani.

Badilisha maji angalau mara tatu kwa wiki. Oksijeni isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, ila usiweke pampu ya hewa, maana vipovu huwanasa wanyama vilevile.

Hatua ya 6: Kuhesabu

Uzao wa kwanza hutoka takriban siku ya 7 hadi 10, kisha kila baada ya siku tatu hivi. Hesabu kila siku na uwaondoe. Andika kando walio hai, waliokufa, na mayai yaliyotupwa.

Watazame pia jinsia kwa darubini ndogo: dume ana papasi za mbele ndefu, za jike ni vibonge vifupi. Viuadudu vinavyoiga homoni ya ujana ya wadudu, kama pairiproksifeni na fenoksikabu, huwafanya mama wazae madume. Anayehesabu vichwa peke yake hatalijua hilo.

Hatua ya 7: Kukubali au kukataa matokeo

Kwenye kundi la ulinganisho, vifo visizidi asilimia 20, na kila mama aliyenusurika awe na wastani wa watoto hai 60 au zaidi. Wakiwa 45, rudia jaribio zima. Mara nyingi kosa liko kwenye chakula au maji. Mnyama aliyemwagika kwa bahati mbaya, au aliyegundulika kuwa ni dume, aondolewe kwenye hesabu.

Yakifaulu, tafuta ukolezi unaopunguza watoto kwa asilimia 10 na kwa asilimia 50. Kama kiuatilifu ni kiuadudu cha imidaklopridi au ndugu zake, usitangaze maji kuwa salama kwa jaribio hili pekee: kiroboto maji huvistahimili kuliko mabuu mengi ya wadudu wa majini, kwa hiyo ongeza jaribio la mabuu hayo.