Kambi ya Hell's Gate na Longonot: Jinsi ya Kuipanga na Kuitafutia Fedha (Somo kwa Viongozi wa Skauti)

Kila mwezi wa Juni viongozi wa Chipukizi (skauti wadogo) na Mwamba (skauti wakubwa wao) huniuliza jambo lilelile: "Tunataka kuwapeleka vijana kambini likizo ya Agosti, tuuze nini ili tupate nauli?" Nimejibu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuliandika jibu hapa, ili atakayeniuliza tena nimwelekeze huku. Kwa kifupi, mwezi wa Juni umechelewa, na swali la kuuza nini halipaswi kuwa la kwanza. Kwanza ujue safari itagharimu kiasi gani, kisha hesabu hiyo ndiyo ikuambie utafute fedha kwa njia gani na uanze lini.

Nimechukua mfano wa kambi ya siku tatu karibu na Naivasha, kwa sababu mbuga za Hell's Gate na Longonot zinakaribiana na makundi mengi ya Nairobi, Nakuru na Kiambu huenda huko.

Hatua ya 1: Ruhusa. Pata barua ya mkuu wa shule, idhini ya maandishi ya mzazi wa kila kijana, na umjulishe kamishna wa skauti wa kaunti yako.

Hatua ya 2: Msimu. Nenda Agosti, wala si Aprili. Sababu utaiona katika hatua ya 7.

Hatua ya 3: Hesabu. Gawa gharama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni gharama zinazoongezeka kwa kila kijana, yaani chakula, kiingilio na ada ya kupiga hema. Fungu la pili ni gharama zisizopungua hata wakija wachache, na kubwa kati ya hizo ni basi. Basi la shilingi 30,000 likigawanywa kwa vijana 40, kila mmoja analipa 750. Wakitokea 30, kila mmoja alipaswa kulipa 1,000, na pengo la shilingi 7,500 litamwangukia kiongozi asubuhi ya safari. Kwa hiyo gawa kwa idadi ndogo zaidi unayoamini itafika, si kwa idadi ya walioinua mikono darasani. Ada za mbuga hubadilika, hivyo zitazame katika eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, mwezi uleule wa safari, na ulipe humo humo, kwa maana langoni hawapokei fedha taslimu. Uliza mapema masharti ya bei ya wanafunzi, na barua ya shule uende nayo.

Hatua ya 4: Kutafuta fedha. Kuosha magari na kuuza maandazi kunaleta fedha za kununua kamba na sufuria, lakini hakulipi basi. Kwa makundi ya maeneo yenye mvua napendekeza kitalu cha miche. Mbegu za mgrevilea, mti wa mbao na kuni, zikisiwa Oktoba, miche huwa ya kuuzika mvua za masika zinapoanza Machi au Aprili, wakati ambapo wakulima, shule na makanisa wanatafuta miche ya kupanda. Fedha hizo unakuwa nazo mkononi miezi kadhaa kabla ya Agosti. Mbegu nunua kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, huko Muguga, kwa kuwa mbegu za mgrevilea zikikaa sana hupoteza nguvu ya kuota, na muuzaji wa sokoni hakuambii zilivunwa lini. Pakiti tupu za maziwa, zikioshwa na kutobolewa chini, hutosha badala ya mifuko ya kununua. Jambo jema zaidi ni kwamba vijana wanamwagilia, wanapalilia na kuhesabu wenyewe, hivyo wanaijua thamani ya safari kabla ya kuianza.

Ukitaka kuchangisha hadharani, kwa mfano kupita sokoni na kopo, pata kwanza kibali. Sare ya skauti si kibali.

Hatua ya 5: Kutunza fedha. Hapa ndipo viongozi wengi wema wanapopoteza majina yao, nami sikunusurika, kwa hiyo soma polepole. Usipokee michango kwa nambari yako binafsi ya M-Pesa, hata kwa wiki moja, hata kama mkuu wa shule amekuambia hakuna neno. Fedha za kundi zikichanganyika na zako, kila ununuzi wako wa kawaida unageuka ushahidi: ukinunua viatu vipya, mzazi mmoja atauliza, wa pili atakubaliana naye, na taarifa ya simu yako haitakutetea, kwa sababu haionyeshi shilingi ipi ilikuwa ya nani. Tumia akaunti ya shule au akaunti ya kundi yenye watu watatu wa kutia sahihi, mmoja wao akiwa mzazi. Mteue kijana mmoja awe mhazini, na kila mkutano asome daftari kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila anayetoa apewe stakabadhi, hata aliyetoa shilingi hamsini. Ahadi usiziandike kama mapato. Wahenga walisema ahadi ni deni, ila mwenye basi hakubali kulipwa kwa madeni ya watu wengine. Mwisho, kabla ya kuanza kuuza chochote, kundi likubaliane kwa maandishi fedha zikizidi zitakwenda wapi na safari ikiahirishwa zitarudi vipi, kwa sababu baada ya fedha kupatikana makubaliano hayo ni magumu mno.

Hatua ya 6: Walezi. Mtu mzima asikae faragha na kijana mmoja. Wawe walezi wawili wakati wote. Watu wazima wasilale hema moja na vijana, na kundi lenye wasichana lisiondoke bila kiongozi wa kike.

Hatua ya 7: Hell's Gate. Mbuga hii ina maeneo ya kupiga kambi kama Ol Dubai na Naiburta, na ni miongoni mwa mbuga chache ambamo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Nyati wamo pia, hivyo vijana watembee kwa makundi na wasiondoke kambini giza likiingia. Chakula kisikae hemani: nyani wanajua kufungua hema kuliko Chipukizi wapya. Korongo la mbuga hii, yaani bonde jembamba lenye kuta za mawe, ni habari nyingine. Maji yanaweza kushuka kwa ghafla kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, ilhali juu ya vichwa vyenu jua linawaka. Watu walikufa humo kwa mafuriko ya aina hiyo mwaka 2012, na tena mwaka 2019. Usiingie bila mwongozaji wa mbuga, usiingie msimu wa mvua, na askari wa wanyamapori wakilifunga usibishane nao.

Hatua ya 8: Longonot. Anzeni alfajiri. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkeno lililo juu ya mlima, ni kilomita 3 na kitu, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, kupitia kilele cha mita 2,776. Njiani hakuna maji na kivuli ni haba. Kila mmoja abebe lita tatu. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo nunua majerikeni na kila kijana awe na chupa yake ya kudumu. Weka mlezi mbele na mwingine nyuma kabisa, na wa mbele asimwache wa nyuma. Kikosi kikifika ukingoni kimechoka, kipumzike na kushuka, kwani kuuzunguka si lazima.

Hatua ya 9: Kurudi. Ondokeni mchana, wanafunzi hawasafirishwi usiku.

MASWALI YA WANACHAMA

Kiongozi wa Chipukizi, Thika: Asante kwa somo. Naomba unitumie bajeti kamili ya vijana 35, nataka kuiwasilisha kesho.

Jibu: Hatua ya 3. Sijui basi lenu linatoza kiasi gani, wala vijana wako wanakula nini.

Kiongozi wa Chipukizi, Thika: Angalau nambie kiasi cha unga.

Jibu: Pakiti ya kilo mbili kwa vijana wanane kwa mlo mmoja wa ugali, kama kuna mboga ya kutosha. Wa Mwamba wahesabu sita.

Mwalimu mlezi, Nyeri: Kwa heshima, naona umetia chumvi kuhusu M-Pesa. Mimi napokea kwa simu yangu miaka yote na wazazi wananiamini.

Jibu: Mwalimu, sijasema huaminiki. Nimesema kwamba siku ukiulizwa hutakuwa na cha kuonyesha, na kijana mhazini hatakuwa amejifunza kitu. Ukiona inafaa, endelea.

Kiongozi mpya, Kilifi: Shikamoo. Sisi huku pwani tuko mbali na Naivasha, lakini wazo la kitalu limenivutia. Mgrevilea huku haununuliwi sana. Je, tuoteshe nini?

Jibu: Marahaba, na karibu katika kazi hii. Kwenu ningeotesha mvinje, kwa kuwa wenye mashamba wanaupanda kwa ajili ya nguzo na boriti, na unakua haraka hata kwenye mchanga. Siri yake ni moja: chukua udongo kidogo chini ya mvinje mkubwa, pamoja na majani yake yaliyooza, uchanganye na udongo wa kitalu. Ndani yake mna vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi na kuupatia mti naitrojeni; bila hivyo miche hudumaa na kuwa ya manjano. Kwa kambi, huhitaji kuja Naivasha. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko mlangoni kwenu, nayo safari fupi hupunguza lile fungu la basi.

Kiongozi wa Mwamba, Nakuru: Korongo ndilo watu wanalolifuata Hell's Gate. Ukiliondoa, vijana wataona nini?

Jibu: Sijaliondoa. Nimesema mwongozaji, kiangazi na amri ya askari. Soma tena.

Kiongozi wa kike, Kiambu: Dada zetu wengi hukataa kuja kambini, na nikiwauliza husema tu kwamba hawajisikii. Nadhani ni suala la hedhi. Mnalishughulikiaje?

Jibu: Nashukuru, dada, kwa sababu jambo hili nilipaswa kuliandika katika hatua ya 6. Taulo za kike ziwe katika bajeti ya kundi, sawa na bendeji. Ziwekwe ndani ya mfuko usioonyesha kilichomo kwenye hema la kiongozi wa kike au chooni, msichana achukue bila kuomba na bila kuandikwa. Karibu na choo kuwe na ndoo yenye kifuniko, na taka hizo zirudi nanyi mjini. Yatangazwe hayo kwa wasichana peke yao kabla ya safari, kwani mpango wasioujua hauwasaidii. Siku ya Longonot, anayetaka kubaki kambini abaki na walezi wawili, bila kutakiwa kueleza sababu.

Mzazi, Nairobi: Mwanangu ana pumu. Apande Longonot au la?

Jibu: Daktari wake aamue, si mimi. Akiruhusiwa, dawa ya kuvuta aibebe mwenyewe na ya akiba iwe kwa mlezi wa mbele, na atembee mbele ya kikosi, kwa maana vumbi la njia ile huwapata zaidi wanaofuata nyuma.

Kiongozi wa Chipukizi, Thika: Na miche ikibaki bila kuuzwa?

Jibu: Swali zuri safari hii. Ihamishie kwenye pakiti kubwa, ukate mizizi iliyotoka chini, uiuze mvua za Oktoba kwa bei ya juu kidogo kwa sababu ni mirefu. Usiendelee kuimwagilia kila siku. Wiki za mwisho kabla ya kuuza punguza maji ili izoee jua, la sivyo wanunuzi watairudisha imekufa.